KABLA YA TUZO: WAJIBU WETU KWA MWANAFUNZI WA SAYANSI NA MWALIMU WAKE

(Mada iliyotolewa mbele ya waumini wa Tunduma, baina ya Magharibi na Isha. Inachapishwa kama ilivyosomwa, kwa faida ya wale ambao hawakuwahi kuhudhuria.)

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, ambaye amemneemesha mwanadamu kwa akili na elimu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake, Swahaba zake na wote waliowafuata kwa wema.

Ama baad. 

Mada tuliyopewa inahusu tuzo ambazo mataifa huwapa wanasayansi, wabunifu na walimu wa sayansi. Wakati tunaingia, ndugu mmoja alituuliza mlangoni: “Ustadh, tuzo za wanasayansi zina uhusiano gani na msikiti?” Swali hili ni zuri, nasi tutaanza kwa kulijibu.

Maana ya tuzo

Katika lugha ya Kiarabu tuzo huitwa jaaiza, na mzizi wa neno hili una maana ya kupita na kuvuka. Mabingwa wa lugha wanaeleza kwamba asili yake ni maji au masurufu anayopewa msafiri ili yamfikishe kwenye kisima kinachofuata. Kutokana na mzizi huo huo limepatikana neno jawaaz, ambalo ndilo jina la pasipoti kwa Waarabu. Sisi watu wa Tunduma hatuhitaji kufafanuliwa maana ya kuvuka. Kila siku tunayaona malori yaliyotoka bandari ya Dar es Salaam yakipanga foleni kuelekea Nakonde, na tunajua thamani ya dumu la maji kwa dereva aliyekaa katika foleni hiyo. Kwa hiyo katika lugha ya elimu yetu, tuzo ni maji ya njiani. Aliyepewa hajafika bado; amewezeshwa kuendelea na safari.

Kiswahili nacho kina hekima yake. Tunasema kutuza, kama anavyotuzwa bibi harusi au hodari wa ngoma mbele ya watu. Karibu sana na neno hilo kuna neno kutunza, yaani kulea na kuhifadhi. Tunachukua fundisho katika ujirani wa maneno haya mawili: anayetuzwa leo mbele ya watu, alitunzwa jana na mtu ambaye watu hawakumwona. Hili ndilo tunalotaka kulieleza usiku wa leo.

Ama uhusiano wake na msikiti, basi tuzirejee aya za 27 na 28 za Suratu Faatir. Hapo tunatajiwa mvua iteremkayo kutoka mbinguni, matunda ya rangi mbalimbali, milima yenye mistari myeupe, myekundu na myeusi, kisha watu na wanyama katika rangi zao. Baada ya kutajwa hayo yote ndipo linapokuja neno ulamaa, na kwamba wao ndio wamchao Mwenyezi Mungu miongoni mwa waja wake. Hatusemi kwamba neno hilo linamhusu mtu wa maabara peke yake, kwani wafasiri wamelieleza kwa upana, na elimu iliyo juu ya elimu zote ni kumjua Muumba. Lakini ni nani anayeweza kudai kwamba mvua, mawe na mimea ni mambo ya kando, wakati neno hilo limewekwa baada ya hayo?

Tuzo za sayansi katika nchi yetu na ulimwenguni

Nchi yetu haikulala katika jambo hili. Tume ya Sayansi na Teknolojia, inayojulikana zaidi kwa jina la COSTECH, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Mwaka 2019, Wizara yenye dhamana ya elimu na sayansi ilianzisha Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, maarufu kwa jina la MAKISATU. Jambo la kupendeza katika mashindano hayo ni kwamba mlango haukufunguliwa kwa wasomi wa vyuo vikuu na taasisi za utafiti peke yao. Wamo wanafunzi wa shule za msingi na sekondari, wamo wa vyuo vya ufundi, na limo pia kundi la wabunifu wa mfumo usio rasmi, yaani yule fundi wa gereji ambaye hana cheti lakini ana akili na mikono.

Kabla ya hapo, mwaka 2011, ulianzishwa mpango wa Wanasayansi Chipukizi Tanzania. Waanzilishi wake walikuwa Dkt. Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry, nao walichukua mfano wa maonyesho ya namna hiyo yaliyokuwa yakifanyika Ireland. Wanafunzi wa sekondari hufanya utafiti wao wenyewe, wakaja kuueleza mbele ya waamuzi. Washindi wa juu wamekuwa wakipata ufadhili wa masomo ya chuo kikuu kutoka wakfu wa Karimjee Jivanjee, ambao unatokana na mali ya familia ya wafanyabiashara. Wafanyabiashara mliopo hapa, lisikieni hilo! Mwaka 2022 ukaanzishwa ufadhili wa Samia, kwa ajili ya wahitimu wa kidato cha sita waliofaulu vizuri zaidi katika masomo ya sayansi.

Wapo pia wana wa nchi hii waliotuzwa nje ya mipaka. Mwaka 2015, Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, akapata pauni 25,000. Alibuni chujio la maji linalounganisha mchanga na chembe ndogo mno zilizotengenezwa kwa ustadi, ili liondoe uchafu pamoja na floridi na madini mazito. Huyu alikulia vijijini Karatu, na maradhi yaletwayo na maji machafu hakuyasoma vitabuni tu; aliyaona kwa jirani zake.

Katika ulimwengu wa Kiislamu, Tuzo ya Mfalme Faisal ya Saudi Arabia ilianza kutolewa mwaka 1979, na baadaye ikaongezewa fungu la tiba na fungu la sayansi. Mmisri Ahmed Zewail alipata tuzo hiyo mwaka 1989, na mwaka 1999 akapewa Nobel ya kemia. Omar Yaghi aliipata mwaka 2015, na mwaka 2025 naye akapewa Nobel ya kemia pamoja na wenzake wawili. Yaghi alizaliwa Amman katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina, katika nyumba isiyo na umeme ambamo watu na mifugo walikaa pamoja. Elimu aliyotuzwa kwayo ni ya kutengeneza vitu vyenye matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, na miongoni mwa matumizi yake ni kuyavuta maji kutoka katika hewa ya jangwani. Wote wawili walipewa maji ya njiani, na miaka kumi baadaye wakaonekana wamefika mbali.

Kijana wa Magamba

Ndugu zetu, tukiishia hapo tutakuwa tumewasomea orodha ya washindi tu. Orodha haituonyeshi wale walioachwa njiani bila maji. Kwa hiyo tusikilize kisa cha kijana mmoja Mtanzania, Erasto Mpemba. Jina hilo lisiwachanganye na kata yetu ya Mpemba hapa mjini, kwani kisa chenyewe kinaanzia Tanga.

Mwaka 1963, kijana huyu alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu. Huchemsha maziwa, hutia sukari, huyaacha yapoe, kisha huyatia katika jokofu. Siku moja nafasi ndani ya jokofu ilikuwa haba na wenzake wanaiwania. Mpemba hakusubiri, akayaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu alirudi akakuta maziwa yake yameganda, na ya mwenzake aliyeyatia bila kuyachemsha hayajaganda.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye alipoendelea na masomo Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo darasa zima likapata neno la kumchezea. Kila alipokosea hesabu, wenzake walisema hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Kisha siku moja akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dkt. Denis Osborne, kuwazungumzia wanafunzi habari za fizikia. Mpemba akasimama akauliza swali lake lile lile. Wenzake wakacheka. Mgeni naye alikuwa na shaka, lakini alifanya jambo moja ambalo wengine hawakulifanya: aliahidi kwenda kulijaribu, na aliporudi akalijaribu kweli. Mwaka 1969 mwalimu huyo na kijana huyo waliandika pamoja makala katika jarida la kimataifa la ufundishaji wa fizikia. Tangu hapo jambo hilo linaitwa ulimwenguni kote athari ya Mpemba.

Wataalamu hadi leo wanabishana juu yake. Wapo waliolijaribu wakaliona, na wapo waliotangaza mwaka 2016 kwamba hawakuliona katika majaribio yao. Hilo halipunguzi fundisho, kwani swali ambalo wakubwa wa elimu wanabishana juu yake zaidi ya nusu karne si swali la kuchekwa. Na tazameni mzunguko wa mambo: mwaka 2012, Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayeeleza vizuri sababu ya jambo hilo, na majibu yapatayo 22,000 yakapelekwa. Kijana aliambulia kicheko kwa kuuliza. Miaka karibu hamsini baadaye watu wanaahidiwa zawadi kwa kumjibu.

Kosa letu wenyewe

Ni rahisi kuwalaumu walimu wa zamani. Lakini haki inatutaka tuanze na nafsi zetu, nasi tunakiri mbele yenu.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukifundisha katika madrasa moja hapa mkoani. Alikuwepo kijana wa kidato cha pili, aliyekuwa akija kwetu jioni na siku zisizo za shule. Siku moja katikati ya Julai alikuja mchana na fimbo, na uzi wenye jiwe kama timazi ya fundi. Akasema mwalimu wao wa sayansi amewaeleza kwamba siku hiyo, saa 6 na dakika 27 mchana, jua litakuwa juu ya Al-Kaaba sawasawa, na kwamba kivuli cha fimbo iliyosimama wima kitaelekea upande ulio kinyume na kibla. Alitaka aisimamishe fimbo uani, alinganishe na mstari tunaoswalia.

Tulimjibu nini? Tulimwambia, “Wewe ndiye uliyekuja kuwafundisha wazee kibla?” Wanafunzi wakaangua kicheko. Kijana akaikunja timazi yake akaondoka. Hakurudi tena darasani kwetu.

Miezi mingi baadaye tulikuwa tukipitia vitabu vya ilmul-falak, ile elimu ya nyota na nyakati tuliyoionja kidogo tulipokuwa masomoni. Tukakuta njia ile ile. Wanafalaki wa Kiislamu wameieleza tangu zaidi ya miaka 700 iliyopita. Makka iko kaskazini mwa mstari wa Ikweta kwa nyuzi 21 na kitu, na jua katika mwendo wake wa mwaka hufika mahali hapo mara mbili: mwishoni mwa Mei likielekea kaskazini, na katikati ya Julai likirudi. Saa ya Makka na saa yetu ni moja. Tarehe 27 au 28 Mei ni saa 6 na dakika 18 mchana; tarehe 15 au 16 Julai ni saa 6 na dakika 27. Kijana alikuwa sahihi, tarehe na saa. Elimu ile ilikuwa yetu, imo katika vitabu vyetu, naye alikuja kuturudishia, sisi tukamcheka.

Mwaka uliofuata tulisimamisha fimbo kwa siri, kwa aibu. Mstari wetu ulikuwa umepinda kidogo. Ulikuwa mpindo mdogo usiobatilisha swala ya mtu, lakini ulikuwepo, nasi tukaunyoosha.

Baada ya miaka miwili tulikutana na kijana yule karibu na mpaka, anasukuma mkokoteni wa magunia. Alikuwa ameacha shule akiwa kidato cha tatu. Hatudai kwamba neno letu peke yake ndilo lililomtoa darasani. Baba yake alikuwa mgonjwa, na mpakani fedha ya siku hupatikana siku hiyo hiyo. Lakini siku alipohitaji maji ya njiani, sisi tulikuwa kisimani na tukamnyima. Tulimwomba radhi. Akacheka, akasema ameshasahau. Kisha, alipokwisha kuinua mishikio ya mkokoteni, akageuka akatuuliza: “Ustadh, ule mstari mliunyoosha?”

Mwalimu wa Keriko

Kwa upande wa pili, tumtazame mwalimu aliyetunza. Katika kijiji kimoja cha Njoro, Nakuru nchini Kenya, kuna sekondari ya kutwa ya Keriko. Shule hiyo ilikuwa na kompyuta moja, intaneti ya kubahatisha, na wanafunzi 58 kwa kila mwalimu. Hapo alikuwa akifundisha hisabati na fizikia mwalimu Peter Tabichi, ambaye ni mtawa wa Kikatoliki. Asilimia 80 ya mshahara wake aliitoa kwa wanafunzi maskini na kwa shughuli za jamii. Alikiimarisha kikundi cha sayansi cha shule, na wanafunzi wake wakatengeneza chombo cha kuwasaidia vipofu na viziwi kupima vitu. Mwezi Machi 2019, huko Dubai, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Mwalimu wa Dunia, dola milioni moja, kati ya walimu 10,000 waliopendekezwa kutoka nchi 179.

Hatuoni haya kumsifu mtu wa dini nyingine kwa wema wake. Uadilifu ni amri, na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba kumshukuru Mwenyezi Mungu kunafungamana na kuwashukuru watu waliotutendea wema. Walimu wengi wanaowafundisha watoto wetu kemia na hisabati hapa Tunduma si Waislamu. Je, kuna hata mmoja miongoni mwetu aliyewahi kumwendea mmojawao kumwambia ahsante?

Hadhari juu ya nia

Hapana budi tuonye pia. Tuzo ina fitina yake. Katika hadithi sahihi aliyoipokea Imamu Muslim, miongoni mwa watu wa mwanzo kuhukumiwa ni mtu aliyejifunza na kufundisha ili asemwe kuwa ni mwanachuoni. Akasemwa, na hilo likawa ndilo fungu lake lote. Basi tusiwalee watoto wetu wakaitafuta picha ya gazetini. Hilonga alitafuta maji safi. Mpemba alitafuta jibu. Tuzo ikija, ichukuliwe kama msafiri achukuavyo maji, kisha safari iendelee.

Lakini hadhari hii inamhusu mpokeaji. Isiwe kisingizio kwa sisi tunaopaswa kutoa.

Tufanye nini?

Tunapendekeza mambo manne, yote yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kila madrasa iwe na daftari la maswali. Mtoto akiuliza jambo tusilolijua, liandikwe na tarehe, na mwalimu aseme wazi kwamba hajui na atatafuta. Kicheko kipigwe marufuku, na kianze kupigwa marufuku kwa mwalimu.

Pili, kamati ya msikiti itenge sehemu ya sadaka za hiari, na wafanyabiashara waongezee, ili kila mwaka mwalimu mmoja wa sayansi wa shule zetu za sekondari apewe zawadi bila kutazamwa dini yake, pamoja na vifaa vichache vya maabara kwa shule yake. Si lazima ziwe fedha nyingi. Familia ya wafanyabiashara imeweza kuwasomesha washindi wa taifa. Sisi wa mpakani tunashindwa kununua mizani na vipimajoto?

Tatu, wazazi wasiwatoe watoto darasani siku za shehena kubwa, wa kiume na wa kike. Mtoto anayejua kuhesabu faida ya kubadilisha kwacha na shilingi tayari ana akili ya hisabati. Anachohitaji ni kuachwa asome. Na siku ya mapumziko wapelekeni Ndolezi, Mbozi, wakakione Kimondo, chuma kilichotoka angani kikatua katika mkoa wetu, kabla ya kuambiwa habari zake na wageni.

Nne, tarehe 28 Mei itakapofika, tukutane uani hapa kabla ya saa 6 na dakika 18 mchana. Tumwalike mwalimu wa sayansi atueleze, na fimbo ashike mwanafunzi. Yule kijana wa mkokoteni tumeshamwalika, na amekubali kuja na timazi yake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe yaliyopita, awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, na awalipe kheri walimu wao wote. Wabillahi tawfiq.